Ukitaka Nguvu, Ipe Injini Hewa

Dereva akileta gari lisilovuta kwenye gereji yetu hapa Ilembo, mjini Mpanda, kauli yake ya kwanza ninaijua kabla hajashuka: "Fundi, fungua pampu kidogo, liongezee mafuta." Kwake nguvu ya gari ni dizeli. Dizeli ndiyo anayoilipia sheli, na ndiyo inayomgombanisha na bosi wake jioni hesabu isipotimia. Hewa haina risiti, kwa hiyo haimo katika hesabu zake. Nami humjibu neno ambalo mwanzoni hulidhani utani: gari lako limeshiba mafuta, linakosa pumzi.

Makala haya ni ya dereva huyo, na ya mwenye gari ambaye kila siku anapita karibu na neno TURBO, yaani tabo, lililoandikwa ubavuni mwa gari lake bila kujua kazi yake.

Ndani ya silinda kuna kazi moja tu: kuchoma mafuta ili moto uisukume pistoni. Moto hauwaki bila oksijeni, na oksijeni injini inaipata kwenye hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Dizeli inataka hewa ya ziada. Likiwa na mzigo mlimani, gari zuri huchukua karibu kilo 20 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Ikipungua sana hapo, bomba linaanza kutoa moshi mweusi.

Chukua Land Cruiser mkonga, yale magari ya halmashauri, hospitali na hifadhi ambayo huku Katavi kila mtu anayajua. Mengi yana injini ya 1HZ: silinda sita, cc 4,164, haina tabo. Injini hiyo ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pistoni zake zinafungua nafasi ya lita zaidi ya 4,000 za hewa katika dakika hiyo. Ni sawa na matangi manne ya maji ya lita elfu moja. Mafuta yanayoingia muda huohuo, gari likivuta kwa nguvu zote, ni karibu kikombe kimoja cha chai.

Sasa ona kinachotokea nikifungua pampu kama ninavyoombwa. Kikombe kinakuwa kimoja na nusu, lakini matangi ya hewa yanabaki manne. Mafuta yaliyozidi hayana cha kuunguzia. Yanatoka nje kama masizi meusi, yanapandisha joto la moshi, na siku moja yanatoboa pistoni. Dereva atasikia gari limechangamka kidogo siku ya kwanza, atanisifu, halafu atarudi na silinda hedi iliyopinda. Mafuta kuyaongeza ni rahisi, hata skrubu moja ya pampu inatosha. Kazi ngumu ya wahandisi kwa zaidi ya miaka mia moja imekuwa kuongeza hewa.

Hewa ya Mpanda na hewa ya Sumbawanga

Mpanda tuko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga ni karibu mita 1,800. Kadiri unavyopanda juu, hewa inazidi kuwa nyepesi: kwa makadirio ya kifundi, kila mita 100 injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia moja ya hewa yake, na nguvu inafuata. Kwa hiyo gari lililokuwa sawa Dar es Salaam, likifika hapa limeshapungukiwa karibu sehemu moja ya kumi, na likifika Sumbawanga karibu sehemu moja ya sita. Ongeza na joto letu la Septemba na Oktoba, maana hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi.

Madereva wa Fuso wanaobeba mpunga kutoka Majimoto na Usevya wanalijua hili miguuni mwao. Bondeni Rukwa gari linakwenda. Ukiiacha Kibaoni na kuanza kupanda kwenda uwanda wa juu wa Ufipa, mzigo ni uleule, mafuta ni yaleyale, lakini injini inazidi kulemewa. Gia inashushwa, inashushwa tena, utingo anaruka chini na gogo mkononi tayari kuzuia tairi. Fuso lenye tabo, kwenye mlima huohuo, halihitaji gogo.

Watu wa Ufipa wenyewe waliijua nguvu ya hewa kabla ya magari kufika. Wahunzi wa Kifipa walikuwa na tanuri refu la udongo, ilungu, lililozidi kimo cha mtu, lenye matundu chini. Urefu wake ulitosha kulifanya livute hewa lenyewe. Chuma ghafi kilichotoka humo kilipelekwa kwenye tanuri dogo ili kisafishwe, na hilo lilipulizwa kwa mivukuto. Tanuri la kwanza lilijivutia, la pili lilisukumiwa. Injini nazo ziko za namna hizo mbili, na inayosukumiwa inaweza kuwa ndogo na bado ikatoa moto mkali.

Tabo juu ya meza ya fundi

Tabo niliyoifungua wiki hii imetoka kwenye Canter. Ukiiweka mezani unaona vyuma viwili vyenye umbo la konokono, vimefungwa mgongo kwa mgongo. Kimoja ni cha chuma cha kutupwa, kizito, kimebadilika rangi kwa moto. Kingine ni cha aluminiamu, chepesi. Katikati unapita ufito wenye unene wa kidole kidogo cha mkono, na kila ncha ya ufito ina gurudumu la mapanga linaloenea kiganjani. Mapanga hayo ni membamba kiasi kwamba ukiyapitishia kucha yanalia.

Moshi ukitoka kwenye silinda una joto la mamia ya nyuzi, na gari likiwa na mzigo mkubwa unapita hata 600. Unatoka kwa kasi na kishindo. Injini ya kawaida inautupa wote nje. Hapa, kabla haujafika kwenye bomba, unapitishwa kwenye konokono la chuma na kulizungusha gurudumu la kwanza. Kwa kuwa ufito ni mmoja, gurudumu la pili linazunguka nalo, linavuta hewa kutoka kwenye chujio, linaikandamiza na kuisukumia injini. Nguvu iliyokuwa inatupwa ndiyo inayofanya kazi ya kuingiza hewa.

Kasi yake watu wengi hawaiamini. Injini ya Canter ikipiga resi sana itazunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Ufito wa tabo unapita 100,000. Hakuna gololi ya kawaida ya kuhimili hilo kwa muda mrefu, kwa hiyo katika tabo nyingi ufito unaelea ndani ya utando mwembamba wa oili, chuma kisiguse chuma. Huo utando ndio uhai wa tabo. Nitaurudia baadaye.

Presha yenyewe si kubwa kama watu wanavyodhani. Hewa ya Mpanda, bila kusukumwa na chochote, ina karibu psi 13. Tabo ya gari la dizeli la kawaida inaongeza psi 10 hivi, nyingine chini ya hapo, nyingine zaidi. Wanaojaza upepo wa tairi wataona ni kidogo, lakini kwa silinda ni karibu mara moja na robo tatu ya presha iliyokuwapo. Tatizo ni kwamba hewa ikikandamizwa inapata joto, inaweza kupita nyuzi 100, na joto linairudisha katika wepesi. Ndiyo maana magari mengi yana intakula, rejeta ya pili inayopoza hewa badala ya maji. Hewa inatoka kwenye tabo ikiwa ya moto, inapita humo, inaingia kwenye silinda ikiwa imepoa na kushikana zaidi.

Pia tabo haiachwi izunguke bila kipimo. Nyingi zina kilango pembeni: presha ikifika kiwango, kinafunguka na kuruhusu sehemu ya moshi ipite bila kugusa gurudumu. Nimewahi kukuta kilango kimefungwa kwa waya na fundi fulani aliyetaka gari "livute zaidi". Lilivuta, mpaka gasketi ya silinda hedi ilipokubali kushindwa.

Toyota wenyewe wametuachia mfano mzuri. 1HZ niliyoitaja ina cc 4,164 na inatoa nguvu farasi karibu 130. Mwaka 1990 walitoa 1HD-T, ujazo uleule, upana wa silinda uleule wa milimita 94, mwendo wa pistoni uleule wa milimita 100. Hiyo inatoa karibu 165. Tabo haikufanya yote peke yake, kwa sababu namna ya kunyunyiza mafuta nayo ilibadilishwa. Pia walipunguza mkandamizo wa pistoni, kutoka zaidi ya 22 kwa 1 hadi 18.6 kwa 1, ili hewa nyingi isiivunje injini. Ndiyo sababu mtu anayeniletea tabo ya mtumba aifungie 1HZ yake namwambia polepole: inawezekana, lakini kwa presha ndogo, kwa sababu ndani ya injini yako hakuna kilichoandaliwa kwa mzigo huo.

Njia nyingine ni kipulizio kinachozungushwa kwa mkanda wa injini. Mercedes zilizoandikwa Kompressor nyuma zinatumia hicho. Faida yake ni kwamba hewa inapatikana mara tu unapokanyaga mafuta. Hasara ni kwamba kinakula nguvu ya injini ileile inayosaidiwa. Tabo inaishi kwa moshi uliokuwa utupwe, lakini inachelewa kuamka: ukikanyaga, unasubiri kidogo moshi uongezeke, gurudumu lishike kasi, kisha unasikia mluzi na gari linaondoka. Dereva mzoefu wa mlima halisubirishi. Anaingia kwenye mpando akiwa na gia sahihi na resi yake mkononi.

Kutoka Uswisi hadi Safari Rally

Aliyepata wazo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi. Aliliandikishia hataza mwaka 1905, lakini vyuma vya wakati ule havikuweza kustahimili joto la moshi. Katika miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa tabo, na injini zake zikapanda kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500.

Jaribio ninalolipenda zaidi, kwa sababu linafanana na habari yetu ya Ufipa, ni la mwaka 1918. Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, karibu mita 4,300 juu ya bahari. Bondeni injini ile ilikuwa imetoa nguvu farasi 350. Kileleni bila tabo ilitoa 230. Ilipowashiwa tabo ilitoa 356. Mafuta yalikuwa yaleyale, mlima uleule. Kilichorudishwa ni hewa.

Huku kwetu Afrika Mashariki, wapenzi wa mbio za magari waliiona tabo ikitawala Safari Rally ya Kenya. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica Twincam Turbo, mwaka 1985 Juha Kankkunen akashinda kwa gari la aina hiyohiyo, na 1986 Waldegård akarudia. Injini ile ilikuwa na cc 2,090 tu. Waandaaji wa mbio za dunia walikuwa wanajua tabo ni nini: ujazo wa injini yenye tabo waliuzidisha kwa 1.4 kabla ya kuipangia daraja, ili isishindanishwe na wenzake wa ujazo huo kana kwamba wako sawa. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda nyumbani, naye akiwa kwenye Celica yenye tabo. Subaru na Lancer Evolution zilizofuata, ambazo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanazisaka mpaka leo, ni za ukoo huohuo.

Siku injini ilipokataa kuzimika

Kama kuna mtu bado anabisha kwamba hewa ndiyo bwana, nimsimulie lililotokea uani kwetu. Liliingia Fuso linalotoa moshi wa bluu. Dereva alisema linakula oili, anaongeza kila safari. Nilimwambia kijana wangu aliwashe tusikilize. Dakika haikuisha, resi ikaanza kupanda yenyewe. Mguu hauko kwenye pedeli, injini inalia kama inataka kupasuka, uwanja mzima umejaa moshi mweupe mpaka watu wa maduka ya jirani wakakimbia. Kijana akazima swichi. Halikuzimika. Akalegeza mpira wa dizeli, mafuta yakamwagika chini. Halikuzimika.

Oili sili ya tabo ilikuwa imekatika. Oili ya injini ilikuwa inavutwa kupitia tabo hadi kwenye silinda, na injini ya dizeli inaunguza oili kama inavyounguza dizeli. Pampu haikuwa tena na usemi. Nilichukua kipande cha ubao mnene, nikakiweka kwenye mdomo wa bomba la kuingizia hewa, nikakikandamiza kwa gunia lililokunjwa. Injini ikatetemeka, ikashuka, ikazima. Mafuta yalikuwapo tele ndani yake. Kilichokosekana ni pumzi.

Likikukuta barabarani, usizibe kwa kiganja wala kwa kitambaa kilicholegea, kwa sababu mvuto wake unaweza kukunyakua mkono au kukimeza kitambaa. Kama gari lina gia za kawaida, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa, achia klachi, injini ife kwa kulemewa. Kisha usiliwashe tena mpaka tabo ishushwe.

Kinachoiua tabo

Cha kwanza ni vumbi. Barabara za vumbi za kwenda Ikola na Karema wakati wa kiangazi zinajaza chujio kwa safari chache. Chujio likiziba, tabo inavuta kwa taabu. Likitoboka, au mpira ukilegea, mchanga unaingia na kuyapiga mapanga yanayozunguka kwa kasi niliyoitaja. Punje moja ya changarawe inatosha. Wapo wanaodhani ule mkonga unaopanda pembeni mwa kioo unasukuma upepo ndani ya injini. Hapana. Kazi yake ni kuchota hewa juu, mbali na maji na vumbi zito. Chujio bado linahitajika na bado linapaswa kusafishwa.

Cha pili ni oili. Mtu anaweka oili ya bei ya chini, anapitisha muda wa kubadilisha, halafu anashangaa ufito umelegea. Kumbuka ule utando. Oili ikiwa nyeusi na yenye masizi, unalainisha kwa msasa.

Cha tatu ni haraka ya kuzima gari. Umepanda mlima na tani zako, umefika juu, unaegesha na kuzima palepale ukanywe chai. Ufito bado unazunguka, chuma bado ni cha moto sana, lakini oili imesimama. Inaungua na kuganda palepale kwenye beringi. Iache injini isinzie dakika mbili tatu kwanza.

Kuipima ni rahisi. Gari likiwa limepoa na limezimwa, fungua mpira wa hewa, shika ncha ya ufito kwa vidole viwili. Ukiusukuma pembeni ukacheza kidogo, usiogope. Oili haipo wakati huo, nafasi yake unaihisi. Ukiuvuta mbele na kuurudisha nyuma ukacheza, au mapanga yakigusa ukuta wake, tabo imekwisha. Moshi nao unasema: wa bluu ni oili, mweusi wenye gari zito ni hewa inayopotea, mara nyingi kwenye mpira uliopasuka kati ya tabo na intakula. Mpira huo bei yake haifikii hata theluthi ya tabo ya mtumba, lakini nimeona tabo nzima zikitupwa kwa sababu yake.

Kwa hiyo, ndugu dereva na mwenye gari, siku gari lako likikataa kuvuta, usianze na pampu. Mwambie fundi atoe chujio ulione kwa macho yako, akague mipira yote ya hewa, kisha achomoe kijiti cha oili. Ukikuta vyote hivyo ni vizima, hapo ndipo muizungumzie tabo, na pampu iwe ya mwisho. Tabo nyingi ninazozifungua hapa Ilembo hazikufa kwa uzee. Ziliuawa na vumbi na oili chafu.